Mchumba wangu anataka niseme "imekwisha"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34. Barua hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, maana kila nikiisoma naona kama nimejishtaki mwenyewe.

Nina mchumba. Tuna miaka mitatu pamoja na harusi imebaki miezi mitano. Tangu tuanze sijamgusa mtu mwingine. Jambo moja tu nilikuwa sijamwambia: kabla yake niliwahi kuishi na mwanamume kwa miaka miwili, tukiwa wapenzi. Na kabla ya huyo nilimpenda msichana niliyesoma naye, nikampenda kwelikweli. Hakuna kati yao niliyemdanganya. Ndivyo nilivyo tangu nipate akili, moyo wangu huweza kwenda kwa mwanamke na huweza kwenda kwa mwanamume.

Miezi miwili iliyopita nilimwambia. Tulikuwa tunachagua picha za zamani za kuonyesha siku ya harusi. Akatoa moja, mimi na yule bwana tumekaa kwenye ngazi, akauliza, "Huyu ni nani, mbona yuko kwenye picha zako nyingi?" Nikaona siwezi kuanza ndoa kwa kujibu "rafiki tu." Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza ile picha kifudifudi juu ya meza, akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii umekuwa unaigiza."

Tangu siku hiyo sina amani. Simu yangu ikilia anauliza, "Mwanamke au mwanamume?" kisha ananyamaza, maana hakuna jibu linalomsaidia. Jumatatu ananiambia wanaume kama mimi ni mashoga wanaojificha nyuma ya wanawake, na kwamba iko siku nitaamka niende zangu. Ijumaa ananiambia mtu kama mimi hatosheki na mtu mmoja, lazima awe na huku na kule. Nikimuuliza ni lipi kati ya hayo mawili, analia.

Akamwambia dada yake bila kuniuliza. Dada mtu akanipigia: "Shemeji, njia mbili zilimshinda fisi." Akaniita ndumilakuwili. Akasema mtu wa jinsia mbili hafai kuoa, na kwamba kabla ya lolote nipelekwe nikapimwe virusi nisije nikamletea mdogo wake maradhi. Sasa sijui nani mwingine anajua.

La ajabu, yule mwanamume naye aliniacha kwa maneno yayo hayo yakiwa yamegeuzwa tu. Aliniambia, "Wewe unapita. Mwisho utaoa, utapata watoto, sisi utatusahau." Wakati ule sikuwa na mwanamke yeyote. Nikioa sasa, si nitakuwa nimemthibitishia?

Kuna na rafiki yangu wa tangu utotoni. Yeye nilimwambia mwaka jana, akaniambia hakuna shida. Kisha tukasafiri kwenda msibani, tukapewa chumba kimoja kama siku zote. Usiku wa manane nikasikia anakokota godoro kulipeleka sebuleni. Asubuhi akasema kulikuwa na joto.

Mchumba wangu ameniambia neno moja tu litamaliza yote: "Sema imekwisha. Sema ulikuwa ujana, nami sitauliza tena." Nampenda, Shangazi. Ni neno moja. Niliseme? Au ni kweli kwamba sijijui mwenyewe?

Niliyechoka Kuhojiwa

*

Marahaba, mwanangu.

Usiliseme.

Nalijibu hilo kwanza kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi, na kwa sababu harusi iko karibu na mtu aliyechoka hutia sahihi karatasi yoyote. Ukisema imekwisha, utapata wiki mbili tatu za utulivu. Halafu siku moja utamsifu mwigizaji fulani kwenye televisheni, au utachelewa kurudi ukiwa na wenzako wa kiume, na swali litarudi. Tofauti ni kwamba siku hiyo atakuwa na haki ya kukuita mwongo. Leo anakuita mwigizaji na si kweli. Usimpe ushahidi.

Lakini sikiliza vizuri, maana ndani ya ombi lake kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja, na moja unaweza kulisema kwa moyo mweupe. Uhusiano wako na yule bwana umekwisha. Hilo mwambie, tena mara nyingi kadiri anavyohitaji kulisikia. Humsubiri, humtafuta, hakuna mlango ulioachwa wazi. Kisichokwisha ni namna moyo wako ulivyoumbwa. Mwanamume anayeoa mwanamke haachi kuona kwamba duniani kuna wanawake wengine wazuri, na hakuna mchumba anayemtaka aape kwamba macho yake yamekufa. Anachotakiwa kuapa ni uaminifu. Nawe unatakiwa kuapa hichohicho, si zaidi wala pungufu.

Sasa nije kwa shemeji yako na fisi wake.

Methali hiyo naipenda, na imenikera kuona inavyotumiwa. Fisi alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama kutoka pande zote mbili, akataka kuzifuata njia zote kwa pamoja, mguu huku mguu kule, mpaka akapasuka. Fisi hakuponzwa na pua. Aliponzwa na miguu. Kunusa pande zote mbili hakukumdhuru. Angechagua njia moja angefika na kula. Wewe miguu yako iko kwenye njia moja kwa miaka mitatu, na kwa maelezo yako kila uliyempenda ulimpenda peke yake kwa wakati wake. Ndumilakuwili ni mtu anayesema hili kwako na lile kwa jirani. Wewe uliulizwa swali juu ya picha ukasema kweli wakati uongo ulikuwa rahisi zaidi. Jina hilo halikukai.

Kuna mwanaharakati wa Marekani, Robyn Ochs, aliyelieleza jambo hili kwa namna ambayo imewasaidia wengi. Kwa ufupi anasema kuwa baiseksho ni kukiri kwamba unaweza kuvutiwa na watu wa zaidi ya jinsia moja, si lazima kwa wakati mmoja, si lazima kwa namna moja, wala kwa kiwango kimoja. Rudia hapo penye "si lazima kwa wakati mmoja." Watu wengi hulisikia jina hili kama ratiba ya wiki.

Na hapohapo niondoe mkanganyo mwingine. Shemeji yako amesema "mtu wa jinsia mbili." Kwa Kiswahili maneno hayo humpeleka msikilizaji kwa huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayaangukii moja kwa moja upande wa kike au wa kiume. Hilo ni suala la mwili, na watu hao nao wamechoka kufanywa kioja. Wewe habari yako ni ya moyo unakoelekea. Lugha yetu haijatupa neno fupi lililozoeleka kwa watu kama wewe, na nadhani nusu ya fujo inaanzia hapo: kitu kisicho na jina huvalishwa jina la kitu kingine.

Umeniuliza kama labda hujijui. Swali hilo si lako, mwanangu, umelishikishwa. Mtu akiambiwa mara mia kwamba hayupo, hufika siku akajipapasa.

Mwaka 1948 mtafiti Mmarekani Alfred Kinsey alichapisha kitabu kutokana na mahojiano na maelfu ya wanaume. Badala ya masanduku mawili alitumia kipimo cha kuanzia 0 hadi 6: kwenye 0 wale wanaovutiwa na jinsia nyingine tu, kwenye 6 wale wanaovutiwa na jinsia yao tu. Na katikati hapakuwa patupu. Wewe ungekuwa mahali fulani hapo, na ungekuta wenzako.

Wanaume ndio walioshukiwa zaidi. Mwaka 2005 ulitoka utafiti wa wanaume 101, ambao 33 kati yao walijitaja kuwa baiseksho. Walipimwa msisimko wa mwili, na watafiti wakahitimisha kwamba hawakuona dalili ya kusisimkwa na jinsia zote mbili. Gazeti la New York Times likaipa habari hiyo kichwa kilichouliza kama watu hawa ni wa upande mmoja, wa upande wa pili, au ni waongo. Fikiria mwanamume aliyefungua gazeti asubuhi ile akiwa na siri kama yako. Basi mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, ambako ule wa kwanza ulitoka, walirudia kazi hiyo wakiwachagua wanaume waliokuwa na historia ya kweli ya uhusiano na wanawake na wanaume, na safari hii wakaona wazi kile walichosema hakipo. Mwaka 2020 zikaunganishwa takwimu za tafiti kadhaa, wanaume wapatao 500, na jibu likawa kwamba mwelekeo huo upo kwa wanaume. Miongoni mwa walioliandika jibu hilo walikuwamo walioandika lile la 2005. Nawaheshimu kwa kurudi mezani. Ila miaka 15 ni mingi kuitwa mwongo, na habari ya kusahihisha haisafiri kwa kasi ya habari ya kushtaki.

Kwa wanawake kuna kazi ya mwanasaikolojia Lisa Diamond, aliyewafuatilia wanawake 79 kwa miaka 10 na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Wale waliojitambua kuwa baiseksho hawakuonekana kuwa wapita njia wanaoelekea upande mmoja. Kwa wengi mvuto kwa jinsia zote ulibaki palepale mwaka baada ya mwaka. Na wengi walikuwa kwenye mahusiano ya muda mrefu na mtu mmoja. Utafiti huo ni wa wanawake, siwezi kukuvika wewe moja kwa moja. Lakini yule bwana aliyekuambia "unapita" na mchumba wako anayesema hutosheki wangeusoma wote wawili.

Umeona jambo hilo wewe mwenyewe: Jumatatu unashtakiwa kwa kuwa shoga aliyejificha, Ijumaa kwa kuwa mlafi. Mashtaka hayo hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, lakini yanatoka mahali pamoja. Watu husoma moyo wa mtu kwa kutazama mkono anaoushika leo. Ulipokuwa na yule bwana ulionekana shoga. Ukiwa na mchumba wako unaonekana mwanamume kama wengine. Hakuna siku ambayo ukipita barabarani utaonekana jinsi ulivyo. Kwa hiyo yeyote anayekutazama huona nusu, na ile nusu asiyoiona anaijaza kwa hofu yake. Mchumba wako anaogopa kuachwa kwa ajili ya mwanamume. Yule bwana aliogopa kuachwa kwa ajili ya mwanamke. Wote walikuhukumu kwa kosa ambalo hukulifanya.

Na kwa sababu kusema kuna gharama, wengi hunyamaza. Mwaka 2013 shirika la utafiti la Pew liliwauliza Wamarekani, na katika watu baiseksho ni asilimia 28 tu waliosema kwamba wote au wengi wa watu muhimu maishani mwao wanajua. Kwa wanaume mashoga ilikuwa asilimia 77, kwa wanawake wasagaji 71. Ndiyo maana shemeji yako anaweza kusema kwa uhakika kwamba watu wa aina yako wako hivi na hivi. Bila shaka anawajua kadhaa na hajaambiwa.

Juu ya kupimwa. Hapa nakuomba usikasirike hata kama una haki. Miaka ya 1980, ukimwi ulipoingia, wanaume baiseksho walichorwa kama daraja la kuvushia ugonjwa kwenda kwa wake za watu, na picha hiyo haijafutika. Virusi havijui jina unalojiita; vinafuata kinachofanyika, na kama kinga ilikuwepo. Wachumba wowote wanaokaribia kuoana ni vizuri wapime. Kwa hiyo mwambie mwenzio, "Twende wote, siku moja, tukae benchi moja." Asikupeleke kama mtuhumiwa. Akikataa kupima yeye na kutaka upime wewe tu, basi suala si afya.

Sasa nina neno juu ya mchumba wako, na nataka kumtendea haki, kwa sababu hayupo hapa kujitetea. Alipata habari nzito miezi saba kabla ya harusi, na aliipata kwa ajali ya picha. Ningependa ungemwambia mapema zaidi. Sikulaumu, najua kwa nini watu huchelewa, lakini yeye naye anahesabu miaka mitatu nyuma akijiuliza nini kingine hajui. Maswali anayo haki nayo: kama unampenda, kama umekuwa mwaminifu, kama utamwambia ukiyumba. Yajibu hata akiyarudia. Swali la "mwanamke au mwanamume" kila simu inapolia, hilo hana haki nalo. Mweleze kwa upole kwamba hutalijibu tena, na umweleze kwa nini: jibu lolote unalotoa linamuumiza, na wewe humjibu mtu kwa kitu cha kumuumiza.

Lililonikasirisha ni la dada yake. Siri hiyo ilikuwa yako. Kuna mahali ambapo habari kama hii ikitoka nje ya nyumba mtu hupoteza kazi, hufukuzwa na ndugu, hupigwa, na kuna nchi ambako sheria yenyewe inamfuata. Sidhani kama mchumba wako alifikiria hayo. Aliumia akakimbilia kwa dada yake, kama watu wanavyofanya. Lakini lazima ajue alichokishika. Muulize waziwazi: nani mwingine anajua? Mwombe yeye mwenyewe, si wewe, arudi kwa dada yake amwambie jambo hilo liishie hapo. Namna atakavyolipokea ombi hilo itakuonyesha mengi kuliko machozi ya Ijumaa. Mtu anayeweza kukosea na kurekebisha, huyo unaweza kuishi naye. Anayeiweka siri yako mfukoni kama kiberiti cha kukutishia siku mtakapogombana, huyo usimwoe, hata kadi zikiwa zimeshachapishwa.

Na kama miezi mitano haitoshi, sogezeni harusi mbele. Wageni watalalamika kidogo, watasahau.

Kuhusu yule bwana wa zamani: ukimwoa huyu humthibitishii lolote. Hofu yake ilikuwa na mizizi, maana wapo wengi kama yeye walioachwa mwenzao aliposhindwa kustahimili shinikizo la kuoa. Lakini wewe hukumwacha. Yeye alikuacha wewe kwa jambo la kesho. Ukiogopa kumpenda mwanamke kwa sababu mwanamume mmoja alibashiri, utakuwa umeruhusu ubashiri wake uendeshe maisha yako, na huo ungekuwa msiba kwenu wote watatu.

Nimemwacha rafiki yako mwisho kwa sababu naamini kwake ndiko utakakopata nafuu mapema. Huyo si mtu mbaya. Alisema hakuna shida na nadhani alitaka iwe kweli, kisha giza likaingia akajikuta na mawazo aliyolishwa na wengine: kwamba mwanamume anayeweza kumpenda mwanamume anamtaka kila mwanamume aliye chumbani. Kama ingekuwa hivyo, wewe ungekuwa unamtaka kila mwanamke uliyekutana naye. Mmelala chumba kimoja tangu mkiwa watoto, na miaka yote hiyo ulikuwa huyuhuyu. Hakuna kilichobadilika ila yeye kujua.

Usimwandikie ujumbe, mtafute mkae ana kwa ana. Wala usianze na maelezo wala tafiti nilizokupa hapa. Anza kwa kumwambia kwamba usiku ule hukuwa umelala, na ulimsikia akikokota lile godoro.

Shangazi